Likizo Dar na Unguja kwa Basi, Daladala na Boti: Mwongozo Kamili wa Kuepuka Mikasa ya Safari

Mikasa mingi inayowapata wageni wanaokuja Dar es Salaam na Unguja kwa likizo huanzia chini, kabla hawajakanyaga ngazi ya gari. Mtu amekariri jina la kituo nusunusu, ameelewa saa kwa mtindo wa kwao, au amemkabidhi begi kijana wa kwanza aliyemwita "bosi". Kinachofuata, iwe ni kushushwa njia panda usiku au kuikosa boti, kimeshapandwa mapema.

Naandika kwa ajili ya anayekuja kwa basi kutoka Nairobi, Mombasa, Arusha, Mwanza au Bukoba, asiye na ndugu wa kumpokea kwa gari na asiyetaka kumalizia hela ya likizo kwenye teksi. Usafiri wa umma wa huku unafika karibu kila mahali na watu wake ni wakarimu. Ila una taratibu zake, na hakuna aliyezibandika ukutani. Kanuni yangu moja inayopita kote humu ni hii: muulize mtu asiyefaidika na jibu lake. Mama ntilie, muuza maji, mlinzi wa duka, abiria aliyekwisha kukaa kwenye kiti. Mpiga debe atakuambia gari lake linafika popote unapotaja.

Hatua ya 1: Karatasi na hela

Mkenya asije na kitambulisho cha taifa peke yake. Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke mipaka yao kwa vitambulisho, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Unahitaji pasipoti, au kibali cha muda cha kusafiria. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana mpakani huulizwa, na basi zima halitakaa kukusubiri ukibishana na afisa wa afya.

Hapo Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kuna jambo linalowatia watu hofu bure. Mnashuka wote, mnaingia jengoni kugonga mihuri, na ukitoka basi haliko ulipoliacha. Halijakukimbia. Limeshavuka na linasubiri upande wa pili. Kabla hujashuka muulize konda mtakutana wapi, piga picha namba ya gari, na uchukue namba yake ya simu. Kazi ya dakika moja tu.

Hela ibadilishwe benki au kwenye duka la fedha lenye leseni. Vijana wanaotembea na mabunda mpakani huhesabu haraka kuliko macho yako. Kwa makadirio ya kukusaidia kichwani, shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za Tanzania, kwa hiyo ukisikia "mia sita" usishtuke, na ukisikia "elfu sitini" usitoe kabla hujagawanya. M-Pesa ya Kenya na M-Pesa ya Tanzania zinafanana jina lakini ni mitandao miwili tofauti, hivyo usitegemee laini ya nyumbani kulipia daladala. Tembea na noti za elfu moja na sarafu za mia tano. Ukimpa konda noti ya elfu kumi saa 12 asubuhi, chenji utaidai hadi kituo cha mwisho.

Hatua ya 2: Hakikisha saa, na hakikisha usiku ni upi

Karani akikuambia "saa kumi na mbili", kisha akaandika 12:00 kwa kalamu, gari linaweza kuwa linaondoka alfajiri wakati wewe unapanga kufika adhuhuri. Tiketi za mashine huandika 06:00, za mkono huandikwa namna mbili, na mdomo wa karani una namna yake. Usiulize "saa ngapi?" ukaishia hapo. Uliza: "Alfajiri au mchana?" Kisha uliza saa ya kuripoti, ambayo kwa kawaida hutangulia kuondoka kwa nusu saa.

Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, umeongezeka mtego mwingine. "Saa sita usiku Jumamosi" ni usiku wa kuamkia Jumamosi au wa kuamkia Jumapili? Watu wamefika kituoni na mabegi yao wakiwa wamechelewa siku nzima. Mwambie karani akuandikie tarehe, na umsomee kwa sauti: "Kwa hiyo ni usiku wa tarehe 14 kuamkia 15?" Akisema ndiyo, lipa.

Hatua ya 3: Ndani ya basi la mkoani

Nunua tiketi kwenye ofisi ya kampuni au kwenye mfumo wake wa mtandao, yenye jina lako, namba ya kiti na namba ya gari. Tiketi inayoletwa na kijana aliyekufuata barabarani ndiyo inayozaa ugomvi wa watu wawili kiti kimoja. Nauli za mabasi Tanzania husimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, kwa daraja la basi na umbali. Ukitajiwa bei ya ajabu msimu wa Krismasi, omba kuona nauli elekezi.

Begi kubwa linaingia kwenye buti. Andika jina na namba ya simu nje na ndani ya begi. Dai kipande cha tiketi ya mzigo, na kila gari linaposimama kushusha watu, chungulia. Begi jeusi lenye magurudumu lina pacha wake karibu katika kila basi, na wengi wanaobeba la mwenzao hawana nia mbaya. Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye mshikio. Dawa, pasipoti na hela vikae mwilini, visikae kwenye kile kibebeo cha juu ya kiti.

Konda akitangaza "kuchimba dawa", shuka, jisaidie, rudi. Msirandaerande. Kituo cha chakula ndicho kinachoacha watu zaidi: unapewa dakika kumi au kumi na tano, foleni ya chipsi ni ndefu, na pale pamejaa mabasi yaliyopakwa rangi zinazokaribiana. Nunua, funga kwenye mfuko, ukale kwenye kiti. Na mwambie jirani yako, "Ndugu, mimi nashuka kidogo, nikichelewa niitie." Jirani ndiye atakayepiga kelele "Bado mtu mmoja!" wakati gari linaanza kusogea.

Usipokee juisi, biskuti wala pipi kutoka kwa msafiri usiyemjua, hata akiwa na sura ya upole. Kataa kwa adabu: "Asante sana mama, nimefunga." Hatakukasirikia.

Hatua ya 4: Kushuka Mbezi bila kubebwa

Kuanzia Februari 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani na nchi jirani ni Kituo cha Magufuli, Mbezi Louis, pembeni ya Barabara ya Morogoro. Kabla ya hapo kilikuwa Ubungo, na shangazi aliyekuja Dar miaka ya nyuma bado atakuelekeza kwa kuanzia Ubungo. Msikilize kwa heshima, kisha thibitisha upya. Kampuni nyingine huendelea hadi kwenye ofisi zao maeneo kama Shekilango, hivyo mkikaribia mji muulize konda: "Kaka, mnaishia wapi?"

Mlango ukifunguliwa, utawakuta vijana wamejipanga. "Dada wapi? Mbagala? Tegeta? Kariakoo? Njoo huku!" Mkono mmoja tayari uko kwenye mshikio wa begi lako. Usibishane wala usieleze unakokwenda. Weka begi dogo kifuani, shika kubwa kwa mkono wako mwenyewe, sema "Nimeshapokelewa, asante," na uende moja kwa moja ndani ya jengo. Kaa. Kunywa maji. Hakuna gari la mjini linalohitaji uamuzi wako ndani ya sekunde thelathini. Ukishatulia, mwendee muuza maji au mama wa chai, umsalimie kwanza (shikamoo kama ni mkubwa kwako), ndipo uulize magari ya unakokwenda yanapakia upande gani.

Ukifika usiku wa manane, ushauri wangu ni mkali kidogo: kama huna mwenyeji wa kukufuata, kaa humo kituoni hadi kupambazuke. Wengine wengi hufanya hivyo. Ukilazimika kuondoka, ita teksi kwa programu ya simu, linganisha namba ya gari na iliyoandikwa kwenye skrini, na umpigie mwenyeji mbele ya dereva kumtajia namba hiyo. Bodaboda usiku na begi kubwa, hapana.

Hatua ya 5: Ukisema "stesheni", sema ipi

Dar ina reli za aina tatu, na treni ya moja haiwezi kupita kwenye nyingine kwa sababu upana wake ni tofauti: Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, na SGR, reli mpya ya treni za umeme, ni 1,435. Kwa hiyo stesheni nazo ni tofauti. SGR iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata huondokea Stesheni ya Magufuli, katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani. TAZARA, ya kwenda Mbeya na Zambia, iko mbali na hapo, Barabara ya Nyerere. Mwambie dereva wa bajaji "stesheni ya SGR, Posta kule", vinginevyo unaweza kujikuta Tazara dakika ishirini kabla ya safari.

Beba kitambulisho au pasipoti uliyokatia tiketi. Fika mapema, kuna ukaguzi wa mizigo, na treni ya umeme haina desturi ya kungoja kama basi la kijijini.

Hatua ya 6: Daladala

Hapa ndipo mgeni huona Dar kwa kweli, na ndipo anapopotea kwa urahisi.

Soma kipaji cha gari, yaani sehemu ya juu mbele: pameandikwa miisho miwili ya ruti, mfano Mbezi na Makumbusho. Hiyo haitoshi. Magari mawili yanaweza kuanzia na kuishia pamoja, moja likipita barabara hii na lingine ile. Swali la kumuuliza konda ni "Linapita wapi?" na si "Linafika?" kwa kuwa la pili hujibiwa "ndiyo, panda" hata kama utashuka na kuunganisha mara mbili.

Majina ya vituo vya Dar hayafuati ramani ya simu. Kituo kinaitwa Bamaga, Sayansi, Buguruni Sheli, Tabata Relini, Kimara Temboni. Mwombe mwenyeji wako akupe majina matatu: kituo chako, kinachokitangulia na kinachokifuata. Ukisikia konda anaita kile kinachotangulia, anza kusogea mlangoni. Ukisikia kinachofuata, umepitilizwa. Shuka hapohapo, vuka barabara kwa uangalifu, rudi kwa gari la upande wa pili. Nauli ya kituo kimoja ni hasara ndogo. Wanaoendelea kukaa wakiona haya kusema ndio hufika mwisho wa ruti giza limeingia.

Jioni utaona watu wanapanda gari linaloelekea mwisho wa ruti, upande usio wao. Hawajapotea, wanageuza nalo ili warudi wakiwa wamekaa. Wanalipa nauli mara mbili kwa ajili ya kiti. Usiwafuate kwa kudhani wanajua njia ya kwenu.

Nauli haipangwi na mvua wala foleni kama wageni kutoka Nairobi walivyozoea. LATRA ndiyo hutangaza, na Desemba 2023 ya chini kabisa ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwa kuwa hubadilika, njia salama ni kumuuliza abiria jirani kwa sauti ya chini, "Samahani dada, mpaka Mwenge shilingi ngapi?" Konda akikugusa bega huku akichezesha sarafu kiganjani, ndiyo zamu yako. Mpe, mtaje kituo, na kama unadai chenji idai papo hapo, usingoje mlangoni.

Kuna siku konda atatangaza kwamba gari linaishia katikati. Huko ni kukatisha ruti, na hairuhusiwi. Usishuke kimya. Ama akurudishie hela, ama akufaulishe, yaani akupandishe gari la mwenzake na kulilipia yeye. Utaona abiria wote wanasimamia hilo kwa pamoja, jiunge nao. Ukiwa peke yako mgeni, sema tu: "Konda, nifaulishe." Anayejua neno hilo hachezewi sana.

Simu isikae mkononi karibu na dirisha. Foleni ikisimama, mkono hupita kama upepo. Vivyo hivyo kwenye bajaji: kamba ya begi ipite begani, begi likae kati ya miguu.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kwa njia ya Kimara kwenda Kivukoni na Gerezani, ni mkombozi wa foleni yanapopatikana. Uliza asubuhi hiyohiyo kama njia yako inafanya kazi, na uliza kama basi ni la kusimama kila kituo au la haraka linaloruka vingine.

Hatua ya 7: Boti ya Unguja

Ukimwambia dereva "Feri", atakupeleka Feri kweli: soko la samaki na pantoni ya Kigamboni. Wageni wamepanda pantoni ile wakitazamia kushuka Unguja, wakajikuta ng'ambo ya mlango wa bandari dakika chache baadaye. Sema "boti za Zanzibar", na mwelekeze kwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, maana ofisi za tiketi ziko jirani na hapo.

Vijana wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni watakuzuia mita hamsini kabla ya dirisha. Pita. Tiketi halali inatoka dirishani au kwenye mtandao wa kampuni. Nauli ya Mtanzania na ya mgeni hazilingani, kwa hiyo usikubali "nikukatie kwa jina la Mtanzania". Ukaguzi ukigundua, aliyekuuzia hayupo na boti inaondoka.

Hili la jina nalisisitiza kwa moyo wote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar. Katika misiba ile familia zilihangaika kujua ndugu yao alikuwemo au la. Jina lako halisi liwe kwenye orodha, na la kila mtoto uliyembeba. Ukiona chombo kimejaa hadi watu wanakaa njiani, shuka, hata kama umeshalipa. Hela hutafutwa tena.

Kati ya mwezi wa 5 na wa 9 upepo wa kusi huvuma na bahari huchafuka. Kula kidogo, kaa sitaha ya chini kuelekea nyuma, tazama upeo wa macho, weka simu mfukoni. Wahudumu hugawa mifuko, ipokee hata kama unajiona jasiri.

Hatua ya 8: Kuzunguka Unguja

Bandarini Malindi uwe na pasipoti mkononi, maana mgeni hukaguliwa tena na Uhamiaji hata kama ametokea Dar. Nje wapo papasi, vijana wanaowafuata wageni kuwatafutia hoteli na usafiri. Mchukuzi akishika begi, mtakubaliana bei kabla halijainuka ardhini.

Daladala za mjini na za shamba, yaani nje ya mji, zina namba: 116 ni Nungwi, 309 Jambiani, 505 uwanja wa ndege. Vituo vya mjini vimekuwa vikihamishwa kwa sababu ya ujenzi, hivyo ukielekezwa Darajani muulize mwenye duka kama gari lako bado linapakia hapo. Mengi ni malori madogo yenye mabenchi ya pembeni. Mizigo hupanda juu, na unakaa goti kwa goti na wenyeji wanaotoka sokoni. Ingia kwa "Asalaam alaykum", vaa nguo inayofunika mabega na magoti, na utaona jinsi watu wanavyosogea kukupa nafasi na kukuambia wenyewe pa kushuka.

Usafiri wa shamba hulala mapema. Jua likikaribia kuzama magari hupungua, na wakati wa Ramadhani barabara hunyamaza kabisa ikifika futari. Panga urudi hotelini kabla ya saa 11 jioni.

Mkasa ukishakukuta

Umeachwa na basi: usikodi teksi kulifukuza. Mpigie konda, kisha nenda kwa askari wa usalama barabarani au ofisi ya kampuni nyingine hapo kituoni. Makonda wanajuana, na mara nyingi utapandishwa gari linalofuata huku begi lako likishushwa kituo cha mbele. Ndiyo maana namba yake ilikuwa muhimu tangu Namanga.

Begi limebebwa na mwingine: usitoke kituoni. Toa taarifa ofisini kabla orodha ya abiria haijafungwa, kwa kuwa namba zao za simu ziko humo.

Umeibiwa simu au pasipoti: zuia laini kwanza, kisha nenda polisi ukapate ripoti ya upotevu. Bila karatasi hiyo ubalozi hautakusaidia haraka. Acha nakala ya pasipoti kwa mtu wa nyumbani na nyingine kwenye barua pepe.

Siku ya kurudi

Nungwi hadi mjini ni karibu kilomita 60, lakini 116 hungoja kujaa, husimama kila kijiji, na hutumia saa mbili au zaidi. Ukiwa na boti ya saa 10 jioni, uwe barabarani saa 5 asubuhi. Siku ya Ijumaa tangulia zaidi, kwani madereva na makonda huenda kuswali na magari husimama kwa muda. Ikikukuta saa 7 mchana bado uko Nungwi, achana na daladala. Ulizia kwenye hoteli za jirani kama kuna wengine wanaowahi boti hiyohiyo, mchangie teksi moja, na mwambie dereva akushushe getini Malindi.